Mikro ya Kuazima: Wasichana wa Goma Jukwaani

Mimi ni fundi wa cherehani. Tangu enzi za Zaire nawashonea wasichana wa Goma, mashariki mwa Kongo, nguo za kupandia jukwaani, kwa hiyo historia hii nimeiona kwa upande wa mishono: nani alileta kitambaa, nani aliamua urefu wa gauni, nani alilipa. Ukiwa na majibu ya maswali hayo, utajua mwimbaji anamwimbia nani. Goma haikuwahi kuwanyamazisha wasichana wake. Iliwaita waimbe, tena mara nyingi, lakini kila mara iliwaita kwa ajili ya jambo la mtu mwingine: la Chama, la Mungu, la amani. Wimbo wake msichana mwenyewe, wa mpenzi aliyemwacha au wa raha yake ya Jumamosi, ulibaki nyuma ukingoja zamu.

Nianze na Chama. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliibadilisha Kongo jina ikawa Zaire, na mwaka uliofuata tukavuliwa majina ya ubatizo. Wanawake walikatazwa suruali na mawigi. Vazi likawa kikwembe na libaya. Ndipo ikaja animasio ya kisiasa. Kila shule, kila kampuni, kila zone ilikuwa na kundi lake la kuimba na kucheza sifa za Mobutu na za chama chake, MPR, na kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama wa MPR tangu kuzaliwa. Goma ilipata sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa sababu Mobutu alikuwa na makao yake hapa, kando ya Ziwa Kivu. Akija, mji mzima ulimpokea, na mbele ya mji walisimama wasichana.

Nilikuwa mmoja wao. Tulifanya mazoezi baada ya masomo, kwenye vumbi jeusi la volkano, mpaka magoti yakauma. Vikwembe tulivyovaa vilikuwa na picha ya Rais, na mama aliyetufunga alihakikisha uso huo wa Rais haukai mahali pabaya, kwa maana hilo lingeweza kumletea matatizo. Tuliimba Djalelo na nyingine nyingi, sehemu kubwa kwa Kilingala, sisi watoto ambao nyumbani tulisema Kiswahili, Kinande, Kihunde au Kinyarwanda. Wengine tulishika maneno kwa masikio tu.

Sitaki kuidharau shule ile. Ilitufundisha kutembea pamoja, kupokezana sauti, kutazama umati bila kuinamisha kichwa. Wanawake wengi wa rika langu ambao leo wanasema mbele ya watu bila kutetemeka walijifunzia pale. Lakini hakuna aliyetuuliza kama tunataka, hakuna aliyelipwa, na hakuna jina la msichana hata mmoja lililobaki. Tulikuwa kundi. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, makundi yale yalikufa, na vikwembe vyenye sura yake vikageuka vya kubebea watoto na kufungia mizigo sokoni.

Miaka hiyohiyo redio ilikuwa ikituletea wanawake wa aina nyingine. Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, aliimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris mwaka 1973, hajafikisha hata miaka 20, na mwaka uliofuata akaingia Carnegie Hall kule New York. Aliimba pia kwa Kiswahili, na kwetu huku mashariki hilo lilikuwa jambo kubwa. Alikuwepo M'Pongo Love, ambaye polio ilimpiga miguu utotoni na bado akasimama mbele ya orkesta yake. Alikuwepo M'bilia Bel, aliyeingia orkesta ya Afrisa ya Tabu Ley mwaka 1981 na kufika naye hadi Nairobi. Alikuwepo Tshala Muana na ngoma yake ya mutuashi. Hawa waliimba mapenzi, wivu, ndoa, mume asiyerudi usiku. Gauni la Abeti halikuwa na picha ya mtu.

Na hapa kuna jambo ambalo wanaoandika juu ya wanamuziki hawa hulipita haraka mno. Kabla ya kuwa mwimbaji, M'bilia Bel alikuwa mchezaji wa Abeti. Tshala Muana alikuwa mchezaji wa M'Pongo Love. Mwanamke aliyekwisha kufika alimchukua msichana, akamweka nyuma yake jukwaani, msichana akajifunza kazi huku anaitazama: namna ya kuingia, namna ya kupumua kati ya mistari, namna ya kudai pesa kabla taa hazijazimwa. Ni kweli kwamba wanaume walikuwepo pembeni, Gérard Akueson kwa Abeti, Tabu Ley kwa M'bilia, na walikuwa na neno zito. Lakini ufundi wenyewe ulipita kutoka mwanamke hadi mwanamke. Kinshasa ilikuwa na mlango huo. Goma haikuwa nao. Orkesta za huku zilikuwa za wanaume, zikipiga kwenye mahoteli na baa, na msichana aliyeonekana humo usiku alipewa jina ambalo mama yake hakutaka kulisikia.

Hata sinema haikutusaidia sana. Mwaka 1987 ilitoka La Vie est belle, aliyoitengeneza Ngangura Mweze, mtoto wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Tuliipenda. Bibi Krubwa aliigiza Kabibi, na wasichana walikuja kwangu wakitaka nywele na magauni kama yake. Lakini hadithi ile ni ya Kourou, yaani Papa Wemba, kijana wa kijijini anayetafuta kuwa mwanamuziki mjini. Kabibi ni yule anayegombaniwa na kijana huyo na tajiri wake.

Chama kilipokwisha, msichana mwenye sauti alibaki na kanisa. Kwaya za Wakatoliki na za Waprotestanti wa CBCA na wa CEPAC zimefundisha sauti katika mji huu kuliko shule yoyote ya muziki. Siwezi kuhesabu majoho niliyoyashona. Ukisikia leo msichana wa Goma anashika sauti ya pili bila kinanda, ujue kuna mwalimu wa kwaya aliyemrudisha mara kumi kwenye mstari uleule. Ila makanisa yetu mengi yalikuwa na sharti: ukiimba mapenzi ya dunia, utakaa benchi. Nimeona wasichana wakilia kwenye meza yangu ya kukatia kwa sababu ya sharti hilo.

Kisha ikaja Julai 1994. Katika siku chache karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma, kipindupindu kikaua maelfu, na mashirika ya dunia nzima yakaja na magari yao meupe. Hayakuondoka tena, maana vita vilifuata, navyo havikuondoka. Kwa historia ya jukwaa la Goma, mwaka ule ni mkubwa kuliko tarehe yoyote ya muziki, kwa sababu ulileta mlipaji mpya. Mashirika yalihitaji ujumbe ufike kwa watu: nawa mikono, usiwachukie majirani, mwanamke aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya saa 72. Ujumbe ulihitaji sauti na sura. Shirika la Search for Common Ground, kupitia Centre Lokole, lilizungusha maigizo shirikishi katika vijiji na kambi za mashariki, na wengine wengi walifanya hivyohivyo. Msichana wa Goma akawa mwigizaji wa kulipwa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Maigizo yale yaliokoa watu, siwezi kusema vingine. Wakati wa Ebola, iliyofika mjini humu Julai 2019, watu waliamini igizo la mtaani kuliko tangazo la daktari. Lakini tazama nafasi alizopewa msichana. Mwaka baada ya mwaka aliniletea vitambaa vilevile, gauni la kuchanika, kilemba cha mkimbizi, kwa sababu aliigiza mwanamke aliyebakwa, mjane, mama wa kambini. Mmoja wao, kijana mwenye kipaji cha kuchekesha ambacho sijakiona kwa mwingine, hakupewa hata siku moja kuigiza mtu anayecheka. Na mradi ulipofungwa, kazi ilifungwa. Shirika moja lilitudai sote subira, yeye na mimi, na malipo ya mavazi yale hayajafika mpaka leo.

Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikashuka katikati ya mji mpaka ziwani, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaungua na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila nyumba. Katika miaka hiyo migumu Petna Ndaliko Katondolo alifungua hapa kituo cha utamaduni cha Yole!Africa, na baadaye akaanzisha tamasha la filamu la Salaam Kivu. Pale ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza wasichana wameshika kamera wenyewe, wakicheza hip hop, wakibishana na mwongozaji. Filamu ya Petna, Jazz Mama, ya mwaka 2010, iliwaonyesha wanawake wa Kongo kama watu wenye nguvu, si majeruhi tu. Wasichana waliotoka kwenye kituo kile walikuja kwangu wameshika mchoro wa nguo waliouchora wenyewe. Fundi anajua tofauti hiyo.

Mwaka uleule wa 2010 mtoto wa Goma, Innocent Balume, ambaye wote tunamwita Innoss'B, alishinda shindano la uimbaji la Vodacom Superstar akiwa na miaka 13. Alikuwa ameanza kuimba utotoni pamoja na kaka zake. Mwaka 2019 wimbo wake Yo Pe ukazunguka Afrika, na Diamond Platnumz akaingia kwenye toleo lake la pili. Tulijivuna, na tuna haki ya kujivuna. Lakini angalia njia: kaka zake walimshika mkono, familia ikamruhusu, Kinshasa ikamfungulia. Dada wa umri ule, mwenye sauti ileile, ni nyumba ngapi za mitaa ya Majengo au Ndosho zingemwachia alale studioni?

Tamasha la Amani lilifanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014 katika Collège Mwanga, baada ya vita vya waasi wa M23 kuliahirisha mwaka uliotangulia. Tiketi ilikuwa dola moja, na wasanii wa hapa walichujwa kwa mashindano. Watoto wa wasukuma chukudu, yaani baiskeli za mbao za mizigo, na watoto wa matajiri wa Himbi walisimama bega kwa bega. Nililipenda na bado nalipenda. Hata hivyo, msichana aliyetaka kushinda mchujo alijua aje na wimbo gani.

Leo simu imebadilisha mambo kidogo. Msichana anarekodi chumbani, anatoa video, ananitumia malipo ya awali kwa M-Pesa, na wimbo ni wake: kijana muongo, nywele mpya, safari ya Bukavu kwa meli. Lakini M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukasimama, na Februari iliyofuata mwanamuziki Delcat Idengo akauawa kwa risasi humu mjini. Wengine wamekimbia. Wengine bado wanaimba, na bado wanakuja kupimwa.

Basi ninawaomba ninyi mnaoandaa sherehe, harusi, kampeni na mikutano. Mkimwita binti wa Goma kuimba au kuigiza, mlipeni siku hiyohiyo, hata kama ni kwa ajili ya amani. Mwandikeni jina lake kwenye bango. Na muulizeni kwanza yeye mwenyewe anataka kuimba nini.