Sloppy joe

Sloppy joe ni chakula cha Marekani kinachotengenezwa kwa nyama ya kusaga, kwa kawaida ya ng'ombe, iliyopikwa pamoja na vitunguu katika mchuzi mzito wa nyanya. Nyama hiyo huwekwa katikati ya mkate mdogo wa mviringo, wa aina ileile inayotumika kwa hambaga. Tofauti na hambaga, nyama yake haifinyangwi kuwa duara bapa bali huachwa ikiwa chengachenga ndani ya mchuzi.

Ni chakula cha kawaida cha jioni katika familia nyingi za Marekani, kwa sababu hupikwa kwa muda wa nusu saa hivi, hakihitaji ufundi mwingi, na kiasi kidogo cha nyama huweza kuwatosha watu kadhaa. Pia kimekuwa kikiandaliwa kwa miaka mingi katika kantini za shule.

Jina

Neno la kwanza la jina hili, katika Kiingereza, lina maana ya kitu kisicho nadhifu au chenye kumwagika ovyo. Joe ni kifupi cha Joseph, na hutumika pia kumtaja mtu yeyote wa kawaida. Kwa hiyo jina laeleza hali ya mlaji: mchuzi hudondoka pembeni mwa mkate na kuchafua vidole, na wengi humalizia mabaki kwa uma.

Katika miaka ya 1940 jina hilohilo lilitumika pia kwa sweta pana lililovaliwa na wasichana wa Marekani.

Chakula hiki au vinavyofanana nacho vina majina mengine kulingana na eneo. Upande wa kaskazini-magharibi wa Iowa, nyama ya kusaga isiyofinyangwa inayowekwa ndani ya mkate huitwa tavern. Huko North Dakota hutumika jina slushburger. Mjini Woonsocket, Rhode Island, kuna chakula cha karibu kiitwacho dynamite, chenye pilipili hoho nyingi zaidi.

Historia

Asili ya sloppy joe haijulikani kwa hakika, na kuna maelezo zaidi ya moja.

Maelezo yanayosimuliwa mara nyingi yanahusu mji wa Sioux City katika jimbo la Iowa. Katika jimbo hilo sandwichi za nyama ya kusaga isiyofinyangwa zilikuwa zimeshaenea. Mgahawa wa Maid-Rite, uliojulikana kwa chakula hicho, ulianzishwa mjini Muscatine mwaka 1926. Inasemekana kwamba karibu na mwaka 1930 mpishi mmoja aitwaye Joe aliongeza mchuzi wa nyanya kwenye nyama hiyo, na chakula kikapewa jina lake.

Maelezo mengine yanahusu baa mbili. Ya kwanza ni Sloppy Joe's ya Havana, Kuba, iliyomilikiwa na Mhispania José Abeal y Otero. Ilipata wateja wengi kutoka Marekani katika miaka ya 1920 hadi 1933, wakati pombe ilipokuwa imepigwa marufuku nchini mwao. Ya pili ni Sloppy Joe's ya Key West, Florida, iliyofunguliwa na Joe Russell mwaka 1933. Mwandishi Ernest Hemingway alikuwa mmoja wa wateja wake. Baa ya Havana ilifungwa katika miaka ya 1960 na kufunguliwa tena mwaka 2013. Ni wazi kwamba baa hizo zilisaidia kulieneza jina, lakini hilo peke yake halithibitishi kwamba chakula kilianzia huko.

Lililo wazi zaidi ni mazingira yaliyokifanya chakula hiki kipendwe. Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwanyima watu wengi kazi na mishahara. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani iligawa nyama kwa mgao kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Nyama ya kusaga ilikuwa nafuu kuliko minofu, na ikichanganywa na vitunguu, mchuzi na mkate, iliweza kulisha familia nzima.

Mwaka 1946 Rais Harry Truman alitia saini sheria ya kitaifa ya chakula cha mchana shuleni. Kantini za shule zilihitaji vyakula vya bei ndogo vinavyopikwa kwa wingi katika chungu kimoja, na sloppy joe ilifaa. Mwaka 1969 kampuni ya Hunt's ilianza kuuza mchuzi wa kopo uitwao Manwich, ambao mpishi huuongeza tu kwenye nyama iliyokwisha kukaangwa.

Viungo

Hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote. Kwa watu wanne, vipimo vifuatavyo ni vya kawaida:

- nyama ya ng'ombe ya kusaga, gramu 450
- kitunguu maji 1, kilichokatwakatwa
- nusu ya pilipili hoho ya kijani
- punje 2 za kitunguu saumu
- kechapu, mililita 180
- nyanya ya kopo, kijiko 1 cha chakula
- sukari ya kahawia, kijiko 1 cha chakula
- sosi ya Worcestershire, kijiko 1 cha chakula
- haradali, kijiko 1 cha chai
- maji, mililita 60
- chumvi na pilipili manga kwa kiasi
- mikate midogo ya mviringo 4

Sosi ya Worcestershire ni sosi ya Kiingereza yenye siki, ukwaju na samaki wadogo waliochachushwa. Asiyekuwa nayo huweza kutumia siki kidogo pamoja na sosi ya soya. Asiyependa kechapu hutumia nyanya zilizosagwa, akiongeza sukari na siki, kwa kuwa kechapu tayari ina vyote viwili.

Maandalizi

1. Nyama huwekwa kwenye kikaango kipana chenye moto wa kutosha na kuachwa dakika chache bila kukorogwa, hadi upande wa chini uwe wa kahawia. Rangi hiyo hutokana na protini na sukari za nyama kubadilika kwa joto kali, na ndiyo chanzo kikubwa cha ladha. Kikaango kikijaa mno, nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

2. Nyama huvunjwavunjwa kwa mwiko hadi iwe chenga ndogo. Vitunguu na pilipili hoho huongezwa na kupikwa hadi vilainike, kisha kitunguu saumu kwa muda wa dakika moja.

3. Mafuta yaliyozidi humwagwa. Yakiachwa, hujitenga na mchuzi na kuelea juu.

4. Nyanya ya kopo, kechapu, sukari, haradali, sosi na maji huongezwa. Sukari haiwekwi mapema, kwa sababu huungua haraka kwenye kikaango kikavu.

5. Moto hupunguzwa, na mchuzi huachwa uchemke polepole kwa dakika 10 hadi 15. Umekuwa tayari pale mwiko unapopita katikati ya kikaango na kuacha njia isiyofunikwa mara moja na majimaji.

6. Chumvi huonjwa mwishoni, kwa kuwa kechapu na sosi zina chumvi tayari.

7. Mikate hukatwa katikati na kuchomwa kidogo upande wa ndani. Uso uliokauka huchelewa kufyonza mchuzi, hivyo mkate haulowi haraka.

Huliwa pamoja na viazi vya kukaanga, saladi ya kabichi, au vipande vya matango vilivyowekwa katika siki. Vitu vichachu hupunguza uzito wa nyama na utamu wa mchuzi.

Usalama wa chakula

Nyama ya kusaga inahitaji uangalifu kuliko nyama ya kipande. Katika kipande, bakteria hukaa zaidi juu, na moto huwaua kirahisi. Nyama ikisagwa, bakteria waliokuwa juu husambaa hadi ndani.

Hatari hiyo ilidhihirika mwaka 1993 katika majimbo ya magharibi ya Marekani, ambapo watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne walifariki kutokana na bakteria aina ya E. coli O157:H7. Chanzo kilikuwa hambaga ambazo hazikuiva vizuri. Watoto wadogo huathirika zaidi, kwa sababu sumu ya bakteria hao huweza kuharibu figo.

Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ya ng'ombe ya kusaga ifikie nyuzijoto 71 za Selsiasi. Rangi peke yake si kipimo cha kutegemewa, kwani nyama huweza kuwa ya kahawia kabla ya kufikia joto hilo. Kwa sloppy joe hatari ni ndogo kuliko kwa hambaga, kwa kuwa nyama huchemshwa kwa muda katika mchuzi.

Mabaki huwekwa katika friji kabla ya saa mbili kupita, yakiwa katika vyombo visivyo na kina kirefu ili yapoe upesi. Hufaa kuliwa ndani ya siku tatu hadi nne, baada ya kupashwa moto hadi nyuzijoto 74. Mchuzi na nyama huhifadhiwa peke yake, bila mkate.

Aina nyingine

Nyama ya ng'ombe huweza kubadilishwa na ya bata mzinga au kuku. Wasiokula nyama hutumia dengu zilizochemshwa au vipande vidogo vya soya.

Huko New Jersey jina sloppy joe lina maana tofauti kabisa: ni sandwichi baridi yenye tabaka tatu za mkate, nyama zilizokatwa vipande vyembamba, jibini na saladi ya kabichi.

Vyakula vinavyofanana

Nyama ya kusaga iliyoungwa hupatikana katika mapishi ya nchi nyingi. Picadillo ya Kuba hupikwa kwa nyanya, zeituni na mara nyingi zabibu kavu, na huliwa na wali. Mjini Mumbai, India, nyama ya kusaga yenye bizari huliwa pamoja na mkate laini, na huitwa keema pav. Neno la kwanza la jina hilo ndilo kima ya Kiswahili, ambayo katika Afrika ya Mashariki hutumika kujaza sambusa na kupikia mchuzi.