Ugonjwa wenye ulikosa jina kwetu

Mwaka 1967 Ashbaugh na wenzake, kule Denver, Marekani, waliandika katika gazeti la Lancet juu ya wagonjwa 12 wenye mapafu yao yalishindwa ghafla. Hata oksijeni haikuwatosha. Leo tunajua kwamba kinga ya mwili yenyewe inaweza kupita kipimo: seli zinatuma ishara za kuchochea uvimbe, kama vile interlukini-6, mishipa midogo inavuja, maji yanajaa penye hewa ingepita.

Shida ikawa kuhesabu. Kanuni ya Berlin ya 2012 ilidai mashini ya kupumulia na kipimo cha damu ya ateri. Sasa mwenye hana? Alikufa bila jina la ugonjwa. Jibu lilitoka hapa jirani: mwaka 2016 watafiti wenye walifanya kazi katika hospitali ya chuo kikuu ya Kigali walitangaza kanuni yao, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni pamoja na ekografi. Ni vitu vya kubeba mkononi!

Mwaka 2020, wakati wa Korona, deksametazoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa oksijeni kwa kutuliza ishara zile zile. Mwaka 2024 kanuni mpya ya dunia ikafuata njia ya Kigali. Mgonjwa wa Walikale anaweza naye kuhesabiwa, hata mashini isipokuwepo.