Holi ya Kaloleni

Wazee wa Kaloleni wanauita ukumbi wao wa jamii bunge, na si mzaha.

Mtaa huu ulijengwa na manispaa miaka ya 1940, pale karibu na City Stadium. Kabla ya hapo Nairobi ilimtaka Mwafrika kwa nguvu zake tu: mwanaume peke yake, kitanda kimoja, kipande shingoni, kazi ikiisha arudi kwao. Kaloleni zikajengwa nyumba za familia, zikizunguka viwanja vya nyasi, na ukumbi ukawekwa katikati. Lakini hii haikuwa zawadi. Vijana walikuwa wamerudi kutoka vitani na maswali mengi, na wakubwa waliona heri wapige dansi, ndondi na gwaride la skauti kuliko wapige siasa.

Skauti wenyewe walikuwa wameanza Nairobi tangu 1910. Mwanzilishi wao, Baden-Powell, jenerali wa Uingereza, alizikwa Nyeri mwaka wa 1941. Kwa macho ya mkoloni, holi na skauti zilikuwa dawa ya aina moja: nidhamu.

Shida ni kwamba ukimjengea mtu ukumbi, umempa pia paa, viti na watu wa kumsikiza.

Jumapili, 23 Aprili 1950, KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki walifanya mkutano wa pamoja humo Kaloleni. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akasimama na kutaka azimio liseme wazi: uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Watu wakapitisha. Hiyo ni miaka 13 kabla bendera ya Kenya haijapandishwa. Cha kuchekesha, tarehe hiyo ndiyo sikukuu ya Mtakatifu George, mlinzi wa Uingereza na wa skauti pia.

Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai wakakamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma zaidi ya wiki nzima wakidai waachiliwe. Makhan Singh alikaa kizuizini hadi Oktoba 1961.

Leo holi za Eastlands zinabeba kila kitu: skauti Jumamosi, kwaya, ndondi, mikutano ya matanga, kelele za wanaotaka kiti cha MCA. Wakati huohuo mitaa mikongwe inavunjwa ijengwe maghorofa. Pangani ya zamani tayari imeenda. Nyumba tunazihitaji, hilo halina ubishi. Nyingi za zamani zinavuja na choo ni cha kugawana. Ila kwenye michoro ya maghorofa tunaonyeshwa vyumba vya kulala na maegesho ya magari. Swali la kuuliza kabla tingatinga halijafika ni rahisi tu: holi iko wapi? Mkoloni alijua watu wa mtaa wanahitaji mahali pa kukutana, hata kama sababu zake zilikuwa mbaya. Sisi tukijenga bila holi, tutasema sababu yetu ni gani?