Modela mpya ya gitaa kanisani: kinachobadilika katika sauti na kisichobadilika

Katika makanisa mengi ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na huko kwenu Kalemie, Uvira, Bukavu na Goma, swali moja hurudi mbele ya kamati: wapigaji wa gitaa wanaomba kifaa kipya, na kile cha zamani bado kinafanya kazi. Je, sadaka inunue kipya? Makala hii inaeleza kifaa hicho ni nini, kilitoka wapi, kile kipya kinaongeza nini katika sauti, na mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa.

Modela ni nini

Gitaa la umeme peke yake halisikiki mbali. Nyuzi zake hutikisika juu ya sumaku, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo sana. Amplifaya huukuza umeme huo na kuupeleka kwenye spika. Lakini amplifaya ya gitaa haikuzi tu, hutia na rangi yake. Ndiyo maana wapigaji huzitaja kwa majina: Fender Twin Reverb ya Marekani, Vox AC30 ya Uingereza, Roland JC-120 ya Japani iliyotoka mwaka 1975. Kila moja ina sauti yake. Tena ni nzito: Twin Reverb hukaribia kilo 30, na taa zake za kioo hazipendi barabara zetu.

Modela ni kompyuta ndogo inayoiga amplifaya hizo. Hupokea umeme wa gitaa, huugeuza kuwa namba, hufanya hesabu ya jinsi amplifaya fulani na spika yake ingeitikia, kisha huurudisha kuwa sauti na kuupeleka moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa. Ndani yake mna pia mwangwi, korasi na vikolezo vingine ambavyo zamani kila kimoja kilikuwa pedali yake. Mpigaji hubeba mfuko mmoja begani, akapanda nao hata kwenye pikipiki.

Historia kwa ufupi

Mwaka 1995 Roland walitoa VG-8, mojawapo ya vifaa vya kwanza vya kuiga magitaa na amplifaya kwa hesabu. Mwaka 1996 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa amplifaya ya kuiga iitwayo AxSys 212, na mwaka 1998 ikaleta POD, kifaa chekundu chenye umbo la punje ya haragwe. Hicho ndicho kilichoieneza kazi hii duniani, na wazao wake bado wanapigwa katika makanisa yetu.

Mwaka 2006 Fractal Audio walitoa Axe-Fx, iliyohesabu tabia ya saketi za amplifaya kwa undani zaidi. Ilipofika 2012, Kemper wa Ujerumani alikuwa amefungua njia nyingine: kifaa chake hupeleka milio ya kupimia ndani ya amplifaya halisi, husikiliza jibu, kisha hutunza picha ya sauti hiyo. Line 6 walileta Helix mwaka 2015 na HX Stomp iliyo ndogo mwaka 2018. Mwaka 2020 Neural DSP wa Finlandi walitangaza Quad Cortex, ambayo hujifunza sauti ya amplifaya kwa mbinu za akili bandia. Siku hizi iko hata programu ya bure, Neural Amp Modeler, inayofanya kazi ya namna hiyo ndani ya kompyuta ya kawaida.

Kipya kinaongeza nini

Jambo la kwanza ni sauti ya kukwaruza, ile ya gitaa linalounguruma. Mashine za zamani zilipata shida hapo. Noti mbili zikipigwa pamoja, hesabu zilizaa milio ya kigeni isiyokuwa katika wimbo, na sikio likachoka. Mashine mpya hufanya hesabu nyingi zaidi kwa sekunde, na milio hiyo hupungua sana.

La pili ni mguso. Ukigusa uzi polepole amplifaya halisi hubaki safi, ukiupiga kwa nguvu huanza kukwaruza. Modela mpya hufuata mkono vizuri zaidi. Faida hii mpigaji huihisi kabla ya msikilizaji.

La tatu ni spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haipitishi milio yote. Juu ya hezi 5000 hivi hushuka haraka. Vifaa vya kwanza viliiga jambo hilo kwa kukadiria. Vile vipya hutumia rekodi fupi ya spika halisi iliyopimwa kwa maikrofoni, na unaweza kupakia nyingine. Gitaa likisikika kama nyuki kwenye bafle za kanisa, mara nyingi sababu ni kwamba sehemu hii imezimwa au imechaguliwa vibaya.

La nne ni urahisi wa kazi: kuhama kutoka sauti moja hadi nyingine bila wimbo kukatika, kutumia vikolezo vingi kwa pamoja, na kurekodi kwa waya mmoja hadi kwenye kompyuta.

Wengine husema kipya kinaondoa kuchelewa kwa sauti. Tupime jambo hilo. Modela nyingi huchelewesha sauti kwa milisekunde chache tu. Hewani sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, yaani milisekunde 3 ni kama kusogea mita moja kutoka kwenye spika. Sababu hiyo peke yake haitoshi kununua.

Gitaa letu hupenda sauti safi

Hapa ndipo sisi tunapaswa kufikiri kwa akili yetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kilomita kama 120 kutoka hapa Lubumbashi. Wimbo wake Masanga ulisambaa mbali. Mwenda alipiga gitaa kavu, lisilo na umeme, kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na kila noti inasikika peke yake kana kwamba wako wapigaji wawili. Baadaye gitaa la umeme lilipotawala muziki wa Kongo, usafi ule haukuachwa. Sebene husimama juu ya magitaa yanayosemezana: akompanyema, mi-solo na solo, kila moja na njia yake. Ukitia mkwaruzo mwingi, mazungumzo hayo hugeuka kelele.

Basi tuweke mambo mawili pamoja. Maendeleo makubwa ya modela mpya yako kwenye mkwaruzo na kwenye mguso. Sauti inayotumika zaidi katika ibada zetu ni safi, yenye korasi kidogo na mwangwi mfupi, na sauti hiyo hata kifaa cha miaka kumi na zaidi huitoa vizuri. Kwa hiyo mkutano utasikia tofauti ndogo kuliko ile mpigaji anayoisikia kwenye kisikilizio chake akiwa nyumbani. Anachosikia ni kweli, lakini sehemu kubwa yake haifiki benchi la nyuma.

Njia ambayo sauti hupita

Kutoka vidole hadi masikio ya mkutano mna hatua nyingi: nyuzi, waya, modela, mikisa, amplifaya kubwa, bafle, kisha nyumba yenyewe. Modela ni hatua moja tu. Nyuzi zenye kutu hazitoi mlio angavu hata kwenye mashine ya bei ya juu. Waya uliolegea huvuma. Bafle iliyopasuka hupasua kila kitu. Nyumba ya matofali yenye paa la bati hurudisha sauti kwa nguvu, na mpigaji akiongeza mwangwi wa mashine juu ya mwangwi wa nyumba, maneno ya wimbo humezwa.

Umeme nao ni hatua ya njia hiyo. Modela ni kompyuta. Umeme ukikatika sekunde moja, huzima, na kuwaka tena huchukua muda; wakati huo waimbaji wako katikati ya ubeti. Volti zikipanda ghafla zinaweza kuiua kabisa. Kifaa cha kusawazisha volti pamoja na onduleri yenye betri nzima vinailinda mashine, na vinalinda mikisa pia. Angalieni tena: kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya umeme wa Marekani wa volti 120 kinaweza kuungua kwenye volti 220 zetu. Soma maandishi ya adapta kabla ya kuchomeka. Kwa zile ndogo za volti 9, hakikisha pia upande wa chanya na wa hasi.

Jaribio la benchi la nyuma

Kabla ya kamati kupiga kura, azima modela mpya kwa siku moja. Wajumbe wakae benchi la nyuma, wasione mpigaji anatumia ipi. Mpigaji yule yule, gitaa lile lile, wimbo ule ule, kwaya ikiimba. Fundi wa sono asawazishe nguvu ya sauti kwanza, maana sikio la mwanadamu hudhani kilicho na sauti kubwa zaidi ndicho kizuri zaidi, na wauzaji wanalijua hilo. Kila mmoja aandike kimyakimya: sauti ipi iliniacha nisikie maneno? Baada ya hapo ndipo mzungumze.

Lini kununua ni haki

Kununua ni haki kama cha zamani kinazimika chenyewe na fundi hana vipuri. Kama kanisa linarekodi nyimbo zake na kifaa kimekuwa kizuizi. Kama hakina sehemu ya kuiga spika na kinapigwa moja kwa moja kwenye bafle. Au kama jaribio limeonyesha tofauti ambayo mkutano umeisikia.

Pimeni pia usawa. Modela kubwa mpya zimekuwa zikiuzwa zaidi ya dola 1,500 za Marekani. Bendi yetu ina magitaa matatu. Mmoja akipata mashine hiyo na wawili wakabaki na waya unaovuma, sebene haitatengenea, na moyo wa wale wawili utavunjika. Mara nyingi pesa hizo hizo hutosha vifaa vitatu vidogo, nyuzi na waya mpya. Kingine: amueni mapema kifaa ni mali ya nani. Kama ni cha kanisa, kiandikwe katika daftari la mali, na risiti itunzwe. Ugomvi mwingi wa waimbaji huanza siku mpigaji anapohama na mfuko begani.

Siku ya kuhamia kipya

Sauti zilizotengenezwa kwenye kifaa cha zamani kwa kawaida hazihami. Hata ndani ya kampuni moja, sauti za POD HD hazifunguki kwenye Helix. Andika vipimo kwenye karatasi, kisha anza upya. Tengeneza sauti ndani ya kanisa, kwa nguvu ile ile ya Jumapili, kwa sababu sikio husikia besi na milio ya juu tofauti sauti ikiwa ndogo. Fletcher na Munson walilipima jambo hilo tangu 1933. Punguza milio iliyo chini ya hezi 100 hivi, mwachie mpigaji wa besi. Punguza mwangwi. Sauti nne zinatosha: safi ya kusindikiza, safi ya mi-solo, ya solo iliyoinuliwa kidogo, na moja ya maombi. Kifaa cha zamani kisiuzwe mwezi huo, kibaki cha akiba. Baadaye kinaweza kuwa cha kwanza kwa kijana anayejifunza.

Katika 1 Wakorintho 14, Paulo anatumia mfano wa filimbi na kinubi: ala isiyotofautisha sauti zake haimwambii mtu kinachopigwa. Kamati na ianzie hapo, mkutano usikie kinachopigwa na kinachoimbwa. Modela mpya ikisaidia hilo, inunuliwe kwa shukrani. Kama nyuzi, waya na onduleri ndivyo vinavyokosekana, vinunuliwe hivyo kwanza. Bwana awape hekima.