Kiliba, Kijiji cha Miwa



Anayesafiri kutoka Bukavu kwenda Uvira huteremka milima ya Ngomo, hupita Kamanyola, Luvungi na Sange, huku bonde la mto Ruzizi likitandaa kushoto kwake. Kabla ya kuingia Uvira hukuta Kiliba. Wengi hupita bila kusimama, ingawa kwa wazee wetu jina hilo lilimaanisha sukari.

Kiwanda kilijengwa hapo katika miaka ya 1950, chini ya utawala wa Wabelgiji. Kwa nini hakikujengwa mjini? Jibu limo katika muwa wenyewe. Muwa ukishakatwa hauna subira. Utamu wake huanza kupungua upesi. Sharti usagwe mapema, maji yake yasafishwe kwa chokaa, kisha yachemshwe mpaka punje za sukari zitokee. Makapi nayo huchomwa ili kupata mvuke wa kuendesha mitambo. Kwa hiyo shamba, kiwanda na nyumba za wafanyakazi hukaa pamoja, kila kimoja kikikitegemea kingine.

Mwezi Oktoba 1996 vita viliingia Uvira, na mwisho wa mwezi huo vikafika Bukavu. Mwaka huohuo mitambo ya Kiliba ilinyamaza. Hapo kilichokuwa nguvu ya kijiji kikageuka kuwa udhaifu wake. Mkulima wa mahindi akikosa mnunuzi, huyaweka ghalani au huwalisha watoto wake. Mwenye miwa hana ghala la kuingojea kesho. Shamba, mshahara na karo ya shule vilikatika kwa pamoja.

Tukiona kijiji maskini, tusiwe wepesi kusema kwamba watu wake ni wavivu. Pengine palikuwa na mafundi hodari waliopokonywa mahali pa kufanyia kazi.

Tangu hapo kumezungumzwa mara nyingi juu ya kukifufua kiwanda. Lakini mitambo hununuliwa. Ufundi hurithishwa mtu kwa mtu. Aliyeajiriwa mwaka 1996 akiwa na miaka 20, leo yu karibu na miaka 50, na waliomfundisha wengi wao ni wazee sana. Basi kikundi chenu kikipita Kiliba, kisitosheke na kupiga picha. Mtafuteni mmoja wao, msalimieni kwa heshima, mumwulize maswali matatu: Ulifanya kazi gani? Nani alikufundisha? Nawe ulimfundisha nani? Andikeni majibu yake. Jibu la swali la tatu likiwa ni kimya, hapo mtajua vita vilichukua nini zaidi ya sukari.