Kabla ya kufunga antena darini, chunguza paa na mlima

KUFUNGA antena ya televisheni darini kuna faida zake: hailowi mvua, haigeuzwi na upepo, wala haionekani na mwizi. Hata hivyo, kwa mji wa Morogoro, ulio chini ya milima ya Uluguru na wenye nyumba nyingi za bati, mambo mawili huamua mafanikio ya kazi hiyo: paa na mlima.

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam Desemba 31, 2012. Zamani mawimbi hafifu yalileta chenga, lakini mtazamaji aliendelea kuona. Katika dijitali, yakipungua kupita kiwango, picha huganda, kisha hutoweka.

Bati huyarudisha mawimbi. Chini yake, tumaini lililobaki ni mawimbi yanayopenya ukuta wa pembetatu ulio mwishoni mwa paa, iwapo ukuta huo unatazamana na mnara. Vigae vya udongo huyapitisha vizuri zaidi, japo si vinapolowa.

Mlima nao ni kikwazo. Kilele cha Bondwa, kilicho juu ya mji, kina zaidi ya meta 2,100, ilhali mji uko takriban meta 500 kutoka usawa wa bahari. Mawimbi ya UHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Nyumba iliyofichwa na mlima hubaki kivulini.

Kwa hiyo, jaribu kabla ya kupigilia msumari:

1. Tazama antena za majirani zinaelekea wapi, na kama vijiti vyake vimelala au vimesimama.

2. Panda darini asubuhi, kabla ya joto. Kanyaga mbao za kenchi, si ubao wa dari, na ukae mbali na nyaya za umeme.

3. Mtu mwingine asome nguvu na ubora wa mawimbi kwenye king'amuzi. Geuza antena kidogo kidogo, ukisubiri sekunde chache kila mara. Isogeze pia: katika megahezi 500 wimbi lina urefu wa sentimita 60, hivyo hatua ndogo huweza kubadili hali.

4. Chagua mahali penye ubora mkubwa, hata kama nguvu ni ndogo kidogo.

5. Tumia waya wa antena wa omu 75, mfupi na usio na viungo, uliokingwa dhidi ya panya.

Kikuza mawimbi hufidia upotevu wa kwenye waya, lakini hakiumbi mawimbi yasiyofika.

Ubora ukigoma, ijaribu antena hiyohiyo kwenye mlingoti nje kabla ya kununua nyingine. Nje, uichomoe kwenye king'amuzi mawingu ya radi yanapokusanyika. Ikishindikana huko pia, huenda mlima ndio uliozuia. Hapo suluhisho ni dishi, ambalo hupokea kutoka angani.