Kanzidata za ufadhili wa utafiti: Chuo kikuu kilipie ipi?

MHADHIRI anayetafuta fedha za utafiti huanza na kazi isiyohusiana na maabara wala darasa: kumjua mwenye fedha, anachokitaka, na iwapo mwombaji kutoka Afrika Mashariki anaruhusiwa kubisha hodi mlangoni pake.

Ni kwa ajili hiyo zilianzishwa kanzidata za ufadhili, yaani hazina za kumbukumbu katika kompyuta ambamo matangazo ya ruzuku kutoka serikali, mashirika ya hisani na taasisi za kimataifa hukusanywa, ili mtu aweze kuyatafuta kwa somo, nchi, kiasi cha fedha au tarehe ya mwisho ya kupokea maombi.

Baadhi ya kanzidata hizo ni za bure. Nyingine humilikiwa na makampuni ya biashara, nazo hulipiwa ada kila mwaka, mara nyingi kwa fedha za kigeni.

Ada hiyo hushindana na kemikali za maabara na majarida ya maktaba. Chuo kikikosea, fedha hupotea, na wahadhiri huendelea kupashana habari za ruzuku kwenye korido, wiki moja kabla ya dirisha la maombi kufungwa.

Wauzaji hupenda kutanguliza idadi ya matangazo waliyonayo. Hata hivyo, idadi hiyo peke yake haina maana kubwa kwa chuo cha Dodoma, Eldoret au Mbarara, kwa kuwa matangazo mengi katika kanzidata zilizotengenezwa Marekani huwahusu waombaji walio Marekani. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: ukiondoa yote ambayo taasisi ya Tanzania, Kenya au Uganda haiwezi kuyaomba, yanabaki mangapi?

Baada ya hapo aulizwe ni mangapi kati ya hayo yangali hai. Mwaka 2025 ulilipa swali hilo uzito mpya.

Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 shirika la USAID, lililogharimia tafiti nyingi za afya na kilimo katika ukanda huu, lilikuwa limefikia kikomo. Mwezi Mei, taasisi za taifa za afya za nchi hiyo, NIH, zilitangaza kuacha utaratibu wa chuo cha Marekani kupokea ruzuku na kumgawia mshirika wake wa nje sehemu ya fedha hizo, hadi utaratibu mwingine utakapowekwa.

Kanzidata isiyofuatilia mabadiliko ya namna hiyo humpeleka mhadhiri kwenye mlango uliofungwa. Andiko la mradi huchukua miezi kuandikwa, na miezi hiyo hairudishwi na mtu.

Kati ya kanzidata za kulipia, inayotajwa sana ni Pivot-RP ya Ex Libris, kampuni iliyo chini ya Clarivate. Mizizi yake ni Community of Science, huduma iliyoanzia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na baadaye ikaunganishwa na kumbukumbu za Research Professional ya London. Hutunza wasifu wa watafiti na kuulinganisha na matangazo, hivyo mhadhiri anaweza kuletewa taarifa kwa barua pepe bila kutafuta mwenyewe.

GrantForward, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, na SPIN ya InfoEd hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Zote mbili zimekulia Marekani, na mnunuzi wa huku hana budi kulikumbuka hilo.

Candid ni ya aina nyingine. Shirika hilo lilizaliwa mwaka 2019 kwa kuungana kwa Foundation Center na GuideStar, na hutegemea sana hesabu ambazo mashirika ya hisani ya Marekani hulazimika kuziwasilisha kwa mamlaka ya kodi. Faida yake ni kuonyesha nani amepewa nini miaka iliyopita. Shirika ambalo halijawahi kutoa hata dola moja nje ya jimbo lake hujulikana mapema.

Lakini kabla ya kulipia chochote, chuo kingepaswa kumaliza vya bure. Grants.gov, iliyofunguliwa mwaka 2003, hutangaza ruzuku za serikali kuu ya Marekani. Umoja wa Ulaya una tovuti yake ya ufadhili na zabuni, ambako matangazo ya Horizon Europe, mpango wa mwaka 2021 hadi 2027 uliotengewa awali zaidi ya euro bilioni 95, yanapatikana bila malipo. Taasisi za Kenya, Uganda na Tanzania zinaweza kugharimiwa na mpango huo, jambo ambalo wahadhiri wengi hawalijui.

Aidha, RePORTER ya NIH na CORDIS ya Ulaya huonyesha miradi iliyokwisha kupata fedha. Anayetaka mshirika wa kuomba naye angeanzia hapo.

Fedha za nyumbani nazo zisisahauliwe. COSTECH, iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya mwaka 1986, na Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya, uliotokana na sheria ya mwaka 2013, ni wafadhili wa kufuatiliwa moja kwa moja. Iwapo kanzidata ya ng'ambo haiwataji kabisa, hiyo ni dalili ya jinsi inavyolitazama bara hili.

Makampuni mengi hukubali kipindi cha majaribio, na hapo ndipo uamuzi unapotakiwa kufanyika, si katika maonyesho ya muuzaji. Wachaguliwe wahadhiri watano wa fani zilizo mbali mbali, kila mmoja aorodheshe ruzuku alizoomba miaka miwili iliyopita, kisha itazamwe kama kanzidata inazo, na kama tarehe na masharti yake ni sahihi.

Miongoni mwao asikose mtu wa fasihi, historia au lugha. Mtaalamu wa malaria hapati shida sana, kwa maana wafadhili wake wanafahamika. Anayehitaji kanzidata hasa ni mwanaisimu anayetaka kurekodi lugha inayozungumzwa na wazee wachache. Kuna mpango wa kuhifadhi lugha zilizo hatarini, ELDP, ulioanzia SOAS, London na kuhamia Berlin, na ule wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004. Kama majaribio hayaileti hata mmoja, kitivo cha sanaa kitakuwa kinachangia ada ya wenzake.

Katika mkataba, kuna vipengele viwili vya kusomwa kwa makini. Cha kwanza ni kama huduma inafunguka nje ya mtandao wa chuo, kwani maandiko mengi huandikwa usiku nyumbani. Cha pili ni kama mkataba hujihuisha wenyewe mwaka unapokwisha, na siku ngapi kabla chuo kinatakiwa kutoa taarifa ya kujitoa. Takwimu za matumizi ziombwe mapema kuliko tarehe hiyo, zikionyesha idara moja moja.